Frank Robinson: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mpigaji aliyegeuka meneja

Kila nikimtaja huyu mzee kwa watu wangu ambao wamezoea soka na kikapu, maswali yanakuja yaleyale, kwa hiyo nimeyakusanya sehemu moja. Ya wanaoanza yako juu, ya wabishi yako chini. Nikitumia neno "homurani" namaanisha mpira uliopigwa ukatoka kabisa nje ya uzio, mpigaji anazunguka vituo vyote taratibu bila kukimbizwa na mtu. Kila mzunguko kamili wa vituo ni alama moja, ndo mkimbio huo.

## Ya mwanzo kabisa

Frank Robinson ni nani hasa?

Ni mchezaji wa besiboli wa Marekani, kazaliwa 31 Agosti 1935 Beaumont, Texas, akacheza ligi kuu misimu 21, kuanzia 1956 mpaka 1976, na ndo mtu mweusi wa kwanza kukabidhiwa timu ya ligi kuu kama meneja, Cleveland, msimu wa 1975. Alifariki 7 Februari 2019 Los Angeles kwa saratani ya mifupa, akiwa na miaka 83.

Wengi wanaishia kwenye hilo la "wa kwanza". Mimi naona jambo kubwa zaidi lilikuja baada ya hapo: alifukuzwa, afu akaajiriwa tena, na tena, na tena. Soma swali la kufukuzwa huko chini utanielewa.

Ni ndugu na Jackie Robinson? Na huyo Brooks Robinson je?

Hapana, wote watatu hawana undugu. Jackie ndo yule aliyevunja ubaguzi wa ligi kuu mwaka 1947 akiwa na Brooklyn Dodgers. Brooks alikuwa mzungu wa Little Rock, Arkansas, mlinzi wa kituo cha tatu, akacheza na Frank timu moja, Baltimore Orioles, mmoja jezi namba 5 mwingine namba 20. Mtu akikwambia "Robinson wa Orioles" muulize yupi, maana wote wawili ni wakubwa mno pale mjini.

Meneja wa besiboli ndo kocha au ni bosi wa ofisini?

Ndo kocha mkuu kwa lugha yetu. Anapanga nani aanze na kwa mfuatano gani, anaamua lini mrushaji (anayewarushia wapigaji mpira) atolewe, anabishana na waamuzi. Anayesajili na kuuza wachezaji ni mtu mwingine, meneja mkuu, huyo ndo wa ofisini.

Kitu kinachowashangaza wengi: meneja wa besiboli anavaa jezi ya timu kama wachezaji, sio suti wala trakisuti. Kwa hiyo ukiona picha ya 2006 ya babu wa miaka 70 kavaa jezi namba 20 ya Washington, hajavaa kwa kumbukumbu, hapo yuko kazini.

Alikulia wapi?

Kwa mama yake, Ruth Shaw, yeye ndo kitinda mimba wa watoto 10. Mama alihama na watoto kutoka Texas Frank akiwa bado mdogo wakaenda California, wakaishia West Oakland. Pale akasoma McClymonds, na hiyo shule bwana, sijui walikuwa wanakula nini: kwenye timu ya kikapu Frank alicheza na Bill Russell, huyuhuyu wa Boston Celtics, na kwenye besiboli shule hiyohiyo ikawatoa Vada Pinson na Curt Flood ambao nao walifika ligi kuu. Kocha wao wa besiboli aliitwa George Powles.

## Enzi za uchezaji

Aliingiaje ligi kuu?

Cincinnati walimsajili 1953 akiwa ametoka tu shule. Kwanza wakampeleka timu za ligi ndogo, na moja ilikuwa Columbia, South Carolina, kusini kabisa kwenye ubaguzi wa sheria. Kijana wa Oakland anafika huko anakuta hoteli wanayolala wenzake yeye haruhusiwi, mgahawani hakai nao, na jukwaani anatukanwa mechi nzima.

Mwaka 1956 akapandishwa na msimu huohuo akapiga homurani 38, akaifikia rekodi ya mchezaji mgeni (yani wa msimu wa kwanza ligi kuu) iliyokuwa ya Wally Berger tangu 1930, akachaguliwa mchezaji mgeni bora kwa kura zote. Umri miaka 20 tu.

Kwanini alikuwa anagongwa na mpira kila mara?

Kwa sababu hakuwa anakaa mbali. Mpigaji anaruhusiwa kuchagua asimame wapi ndani ya boksi lake, wengi wanaacha nafasi maana mpira unakuja kwa kasi inayoweza kuvunja taya, yeye anasogea mpaka kichwa na viwiko vyake viko juu ya kibao cha chini ambacho mpira unatakiwa upite juu yake, yani hata mpira unaopita pembe ya mbali anaufikia. Mrushaji akitaka kumtisha arudi nyuma anamrushia mwilini. Msimu wa kwanza tu aligongwa mara 20, na mpaka anastaafu zimefika 198.

Na hakuwa anarudi nyuma. Anagongwa, anaenda kituo cha kwanza, zamu ijayo anasimama palepale. Naomba hili ulishike maana bila hilo huwezi kumuelewa akiwa meneja.

Ni kweli alikuwa mkorofi uwanjani?

Alikuwa mkali, na wapinzani wengi hawakumpenda. Akikimbia kuelekea kituo anaingia kwa nguvu zote, mwenye roho nyepesi apishe. Agosti 1960 Cincinnati wanacheza na Milwaukee mechi mbili siku moja, kwenye ya kwanza akaingia kituo cha tatu kwa nguvu juu ya Eddie Mathews, wakashikana, Mathews akampiga vibaya, jicho likavimba likakaribia kufunga. Mtu mwingine angeenda nyumbani. Frank akarudi mechi ya pili na jicho lilelile, akapiga homurani, na kule nyuma uwanjani akamdaka Mathews mpira ambao ungempa vituo zaidi ya kimoja. Ukinambia nichague tukio moja la kumuelezea, naenda na hilo.

Kama alikuwa mzuri hivo, Cincinnati walimuuza kwanini?

Hapa mashabiki wa Cincinnati Reds mpaka leo wanaumia. Ligi kuu ina ligi mbili ndani yake, Ligi ya Taifa na Ligi ya Marekani, na mabingwa wake ndo wanakutana fainali. Alikuwa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa 1961, akawapeleka fainali (wakafungwa na Yankees 4-1), na kila mwaka namba zake ziko juu. Tarehe 9 Desemba 1965 wakambadilisha na Baltimore Orioles kwa wachezaji watatu, mrushaji Milt Pappas na wengine wawili, Jack Baldschun na Dick Simpson. Bosi wa timu, Bill DeWitt, alijitetea kwamba Robinson ana miaka 30 lakini sio 30 ya ujana. Hiyo kauli imebaki hai kuliko DeWitt mwenyewe.

Kwahiyo 1966 ilikuwaje?

Ilikuwa moto. Alipiga wastani wa .316 (mipigo iliyomfikisha kituoni salama, kama 316 kwa kila zamu 1000), homurani 49, akaingiza mikimbio 122, na vyote vitatu aliongoza Ligi ya Marekani nzima, kitu wanachokiita taji la mara tatu na kinachotokea mara chache sana. Akawa mchezaji bora wa ligi ile, akiwa tayari alishakuwa bora wa ligi nyingine. Afu Orioles wakaenda fainali wakawafagia Los Angeles Dodgers 4-0, mechi ya mwisho imeisha 1-0 na huo mmoja ni homurani ya Frank dhidi ya Don Drysdale. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa Orioles, na mchezaji bora wa fainali akawa nani tena.

Tarehe 8 Mei mwaka huohuo alipiga mpira wa Luis Tiant wa Cleveland ukatoka nje ya uwanja mzima wa Memorial, sio nje ya uzio tu, nje ya jengo, ukapita jukwaa ukaangukia kwenye magari. Hamna mwingine aliyewahi kufanya hivo pale. Wakasimika bendera sehemu ulipopitia, imeandikwa neno moja tu, lenye maana ya "Hapa", na ikapepea mpaka timu ilipohama uwanja ule 1991.

Ila msifikirie ilikuwa raha tupu. Familia ilipohamia Baltimore, mke wake Barbara alihangaika kupata nyumba, mwenye nyumba akishajua wapangaji ni weusi mlango unafungwa. Mtu anakuja kuwapa ubingwa na hana pa kulala.

Hiyo hadithi ya mopu kichwani ni ya kweli?

Ni ya kweli. Chumba cha kubadilishia nguo cha Orioles walikuwa na mahakama ya utani, inakaa baada ya ushindi tu, na hakimu ni Frank, kavaa kichwani zile nyuzi za mopu ya kudekia kama wigi la majaji. Anatoza faini: umesahau kukimbia, umepiga stori na mpinzani, umefanya kosa la kizembe. Watu wanacheka mpaka machozi, lakini huku wanacheka kila kosa la mechi linatajwa mbele ya watu, tajiri na mgeni, mweusi na mzungu, wote wanalipa. Mimi nasema umeneja wake ulianzia pale, miaka kabla hajapewa timu. Timu ile ilibeba tena ubingwa 1970.

Namba zake za mwisho ni zipi, na kwanini hakufikisha mipigo 3000?

Homurani 586, mipigo 2,943, mikimbio aliyoingiza 1,812, wastani .294. Alipostaafu walikuwa watatu tu mbele yake kwa homurani: Hank Aaron, Babe Ruth na Willie Mays. Leo ni wa 10.

Alibakisha mipigo 57 tu kufika 3000, namba ambayo wapigaji wanaiota maisha yao yote. Na fikiria, misimu miwili ya mwisho yeye mwenyewe ndo alikuwa meneja, yeye ndo anaandika karatasi ya kikosi! Angetaka angejipanga kila siku. Akajipanga mechi 49 mwaka 1975 na mechi 36 mwaka 1976, akawapa nafasi wenzake, akaacha. Zamu yake ya mwisho kabisa, Septemba 1976, aliingia kama mbadala akapiga, akaingiza mkimbio, basi.

## Umeneja

Alijifunzia wapi kazi ya umeneja?

Puerto Rico. Kuanzia majira ya baridi ya 1968, wakati ligi kuu imepumzika, alikuwa anaenda kuinoa timu ya Santurce, mwaka baada ya mwaka, huku bado ni nyota wa Baltimore. Wenzake wanapumzika yeye anasomea kazi ambayo hakuna mweusi aliyewahi kupewa ligi kuu. Hiyo imani mimi inanigusa sana.

Cleveland walimpaje kazi?

Kwanza rudi nyuma kidogo. 15 Oktoba 1972, Jackie Robinson anaenziwa Cincinnati kwenye fainali, miaka 25 tangu alipoingia ligi kuu, macho yameshaanza kupotea kwa kisukari, anashika maikrofoni na badala ya kushukuru tu anasema atafurahi zaidi siku atakapoona sura nyeusi ikiongoza timu. Siku 9 baadaye akafariki.

Frank alikuwa ameshapita Dodgers na Angels baada ya Baltimore, Septemba 1974 akaletwa Cleveland kama mchezaji, na 3 Oktoba wakamtangaza meneja, na aendelee kucheza. Yani miaka 27 tangu Jackie aanze kucheza ndo mweusi wa kwanza anakabidhiwa timu. Ulize walikuwa wanasubiri nini miaka yote hiyo.

Siku ya kwanza ilikuwaje?

8 Aprili 1975, Cleveland, baridi kali, watu zaidi ya 50,000 uwanjani, wapinzani New York Yankees. Rachel Robinson, mjane wa Jackie, ndo karusha mpira wa ufunguzi. Frank kajipanga wa pili kupiga, kama mpigaji maalumu, yule anayepiga tu bila kwenda kudaka. Meneja mkuu Phil Seghi asubuhi alikuwa amemtania apige homurani zamu ya kwanza.

Anaingia zamu yake ya kwanza dhidi ya Doc Medich, mpira ukaenda juu ya uzio wa kushoto. Zamu ya kwanza kabisa ya meneja mweusi wa kwanza! Mechi ikaisha 5-3 kwa Cleveland. Nimeangalia ile video sijui mara ngapi, anavyozunguka vituo amevua kofia anawapungia watu, na kila mara nasisimka.

Baada ya hapo akafukuzwa, kwanini?

Msimu wa kwanza walishinda 79 wakapoteza 80, wa pili 81 kwa 78, na hiyo ni timu ambayo haikuwa na hela wala wachezaji. Palikuwa na msuguano na mrushaji mkubwa Gaylord Perry, wakamuuza Juni 1975. Juni 1977 timu ikaanza vibaya na Robinson akaondolewa.

Sasa hapa ndo pointi yangu. Meneja mzungu akifukuzwa anapumzika kidogo, anapigiwa simu na timu nyingine, ndo maisha ya kazi ile. Swali lilikuwa mweusi akifukuzwa mlango unafungwa au vipi? Frank akarudi: San Francisco Giants 1981 mpaka 1984, meneja mweusi wa kwanza wa Ligi ya Taifa. Wakamfukuza. Baltimore 1988 mpaka 1991. Wakamfukuza. Montreal 2002, akahama na timu mpaka Washington 2006. Timu nne. Kuwa wa kwanza kunahitaji bosi mmoja jasiri, ila kuajiriwa mara nne maana yake watu wameshaanza kukuona mtu wa kazi kama wengine.

Mbona rekodi yake ni ya kupoteza zaidi? Alikuwa meneja mbovu?

Hili ndo ninaloulizwa kuliko yote. Ni kweli: ushindi 1,065, vipigo 1,176, na hajawahi kuifikisha timu kwenye mtoano. Lakini angalia alipewa nini.

Cleveland nimeshaeleza. Giants wa 1982 hawakutegemewa na mtu, wakamaliza na ushindi 87, mechi mbili tu nyuma ya Atlanta. Baltimore 1988 alipewa timu Aprili ikiwa imefungwa 6 kati ya 6, wamemtimua Cal Ripken mzazi, na ikaendelea kufungwa mpaka 21 mfululizo, rekodi mbaya ya mwanzo wa msimu ambayo hakuna anayeitaka. Walimaliza na vipigo 107. Mwaka uliofuata timu ileile, vijana watupu, ikashinda 87 na kugombania kilele mpaka wikiendi ya mwisho kule Toronto, na Frank akawa meneja bora wa Ligi ya Marekani 1989. Na Toronto ilikuwa chini ya Cito Gaston, mweusi mwenzake. Mameneja wawili weusi wanagombania divisheni moja mpaka siku za mwisho, miaka 14 tu baada ya ile baridi ya Cleveland.

Alikuwa na mapungufu, ndio. Hakuwa mvumilivu kwa wachezaji wa kawaida, alitaka kila mtu acheze kwa hasira kama yeye, na sio kila mtu ni yeye. Ila kumuita mbovu kwa kusoma namba mbili tu sikubali.

Na ile ya Expos ilikuwaje, nasikia timu haikuwa na mwenyewe?

Mwaka 2002 Montreal Expos ilikuwa inamilikiwa na ligi yenyewe, yani wamiliki wa timu pinzani ndo wenye timu yako, na kulikuwa na mpango wa kuifuta kabisa. Frank alikuwa ofisi ya ligi, kazi yake kutoa adhabu kwa wachezaji, wakamuomba akaishike. Akashinda 83 mwaka wa kwanza na 83 wa pili, na huo wa pili mechi 22 za "nyumbani" wakapelekwa kuzichezea San Juan, Puerto Rico. Mwisho wa Agosti 2003 wako kwenye mbio za mtoano, na Septemba timu zote zinaongeza wachezaji kutoka ligi ndogo, wao wakanyimwa kwa sababu ya gharama. Mimi hilo siwezi kulisamehe.

2005 timu ikahamia Washington, mji uliokuwa haujaona ligi kuu tangu 1971. Nusu ya kwanza ya msimu 50 kwa 31, wako kileleni! Nusu ya pili 31 kwa 50. Jumla 81 kwa 81. Novemba mwaka huohuo Rais George W. Bush akamvisha Nishani ya Rais ya Uhuru.

## Ya wabishi na ya pembeni

Alikuwa wa kwanza kweli? Nimesikia Ernie Banks.

Mei 1973 meneja wa Chicago Cubs alitolewa nje na mwamuzi, na Banks, aliyekuwa msaidizi, akamalizia ile mechi. Ni kweli ilitokea, lakini hakuajiriwa kuwa meneja. Wa kwanza kuajiriwa ni Frank. Wa pili ni Larry Doby, Chicago White Sox 1978, na cha kuuma ni kwamba Doby alikuwa mweusi wa pili hata kama mchezaji, baada ya Jackie, na 1974 alikuwa kocha msaidizi palepale Cleveland kazi ilipoenda kwa Frank.

Alikamatwa na bastola, ni kweli?

Ndio, Februari 1961 Cincinnati, baada ya ugomvi mgahawani, alikiri kosa la kuficha silaha na kulipa faini ya dola 250. Msimu uliofuata ndo ule aliokuwa bora wa ligi.

Shohei Ohtani, yule Mjapani, si ameshamfikia?

Kwa lile la kuwa bora wa ligi zote mbili, ndio. Ohtani alichukua Ligi ya Marekani 2021 na 2023 na Ligi ya Taifa 2024. Kabla yake, kwa miaka 58, alikuwa Frank peke yake.

Jezi yake imestaafishwa wapi?

Namba 20: Cincinnati, Baltimore na Cleveland, na miji yote mitatu ina sanamu yake. Kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli la Cooperstown aliingia 1982, siku moja na Hank Aaron, huku bado ni meneja wa Giants.

Ni kweli mzee mkali kama huyo alilia mbele ya waandishi?

Ni kweli, 25 Mei 2006. Washington wanacheza na Houston, mdakaji wao wa kawaida (anayekaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji) kaumia, kaingia Matt LeCroy, mtu mzito, mpole, anayejituma, ambaye mkono wake wa kurusha haukuwa mzuri tena. Houston wakagundua. Wakaanza kumuibia vituo, yani kukimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa, naye anatakiwa awahi kurusha kuwazuia, moja, mbili, mpaka saba, na yeye akarusha ovyo mara mbili. Kipindi cha saba, kikiwa bado kinaendelea, Frank akatoka benchi akaenda kumtoa. Kwenye besiboli mdakaji hatolewi hivo, unasubiri kipindi kiishe, kumtoa katikati ni kumuaibisha mbele ya uwanja mzima na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Baada ya mechi anaulizwa, anaanza kujibu, sauti inakwama, machozi yanashuka kwenye mashavu ya mzee wa miaka 70 ambaye enzi zake aligongwa mara 198 akarudi kusimama palepale. Akasema kosa sio la LeCroy. LeCroy naye alipoulizwa akasema hata baba yake mzazi angekuwa meneja angemtoa.

Na ile mechi walishinda, 8-5.